Mlio wa Kasiba

Umeniuliza, Elifuraha, niliichaguaje,
nami nilikuwa na pesa ya ndama mmoja
na mpunga wa msimu mmoja wa Chekereni.
Pesa ya katikati:
jina haiwezi kulinunua, takataka haikubali.

Kwanza niliandika barua. Usicheke.
Kijiji, kata, polisi, alama za vidole,
miezi saba nikienda na kurudi Moshi mjini
huku nguruwe pori wakivuna mahindi yangu Kahe
bila kibali cha mtu.

Ya kwanza nilioneshwa Arusha, Njiro,
sebuleni kwa bwana mwenye zulia jeupe.
Kanga wawili wamechongwa ubavuni,
mmoja anaruka, mmoja amegeuka kumtazama,
na kitako kinang'aa kama meza ya maharusi.
Bwana akataja kiwanda, akamtaja babu yake,
bei akaitaja akitazama dirishani.
Nikaomba kuifungua.
Nikaelekeza mitutu kwenye mwanga, nikachungulia.
Wa kulia, anga safi.
Wa kushoto, ndui.
Kutu imekula vishimo, vikapigwa msasa, vikapakwa mafuta,
ili mgeni aone kanga tu.
"Hivyo havidhuru," akasema.
Nikamshukuru kwa chai.

Ya pili ilikuwa Majengo, kwa nusu ya bei ile.
Nilipoitikisa ikagonga kama mlango wa choo cha shule.
Bawaba imechoka;
karatasi ya sigara ingepita
pale chuma kinapopaswa kubana chuma.
Wahenga walisema rahisi ni ghali.
Hawakutuambia kwamba hata ghali
huweza kuwa na ndui.

Basi nikaenda kwa fundi Bhogal, karibu na stesheni,
kwenye karakana inayonuka mafuta ya taa na bizari.
Akatoa moja haina ua wala ndege,
kitako kina kovu lililozibwa kwa gundi,
vifyatulio viwili vimelika katikati
kama ngazi za kanisa.
Nikasema, itenganishe. Akaitenganisha.
Nikasema, nipe uzi.

Wewe unajua kazi yangu ya Jumapili.
Miaka thelathini na moja nimegonga kengele ya usharika,
na ile ya zamani ilipopata ufa
mimi ndiye niliyeusikia kabla mchungaji hajauona.
Kengele mbovu huanza vizuri,
kisha hukata maneno.

Nikazining'iniza kasiba mbili kwenye uzi,
nikazigonga kwa kifundo cha kidole.

Zikaimba.
Sauti moja, ndefu, haina mkwaruzo,
ikapita juu ya misumeno na makopo ya rangi,
ikachelewa kuondoka.
Bhogal akavua miwani.
"Mama," akasema, "nani alikufundisha?"

Halafu nikafumba macho, nikaipandisha begani,
nikafumbua:
jicho langu lilikuwa palepale linapotakiwa.
Mwenyewe wa kwanza alikuwa mfupi, Mungu amrehemu.
Usinunue bunduki inayokudai urefushe shingo,
hata kama ni zawadi.

Hatukupatana upesi. Alishuka kidogo, nikapanda kidogo,
nikabakiza pesa ya sanduku la chuma na kufuli mbili,
maana shemeji yako akilewa hujiita askari.
Hilo watu hulisahau: wananunua mdomo
bila kununua kinyamazisho.

Usiku wa nne wakaja, kundi zima,
nikasikia mabua yakivunjika.
Nikapiga moja tu, chini, ardhini,
bega likaniuma mpaka ibada.

Alfajiri mama Ndeonasia yuko mlangoni,
amejifunga kanga nyeusi, leso mkononi;
amezoea mimi nikipiga kelele usiku ni msiba.
"Nani ametutoka?"
"Nguruwe," nikamwambia.
"Ametutoka kwa miguu yake."

Risasi ya pili sikuipiga.
Niliitoa, nikaifuta umande kwa khanga,
nikairudisha sandukuni pamoja na kile kipande cha uzi.