La

Mwalimu Rasmina alinipigia simu Masasi.
"Fundi, kwenye piano yetu kuna la moja inakataa."
Nikamwambia mimi kazi yangu cherehani, mama.
Akasema, "Na hii ina pedali."

Newala nimefika saa tatu, jua halijulikani liko wapi.
Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma,
umeingia ukumbini bila hodi,
umekaa viti vya mbele.
Huku juu ndoo ya maji hununuliwa,
kuoga ni kwa hesabu ya vikombe.
Piano peke yake inakunywa bure,
usiku kucha, miaka nenda rudi.

Kila mtu alikuwa na ugonjwa wake mkononi.
Mzee wa kanisa: panya.
Mhazini: iuzwe, mbao zake zina faida kuliko nyimbo.
Stambuli, mtoto wa jirani aliyenishikia tochi:
"Ina jini. Ukiibonyeza inabaki chini, inakuangalia."

Nikafungua kifua.
Nyundo themanini na kitu zimepanga foleni,
za besi zimeliwa na nondo hadi zina mapara.
Chini ya vibonyezo nikaokota
maganda ya korosho, kibanio cha nywele,
na senti hamsini, sungura wake bado amekaa,
sadaka iliyopotea njia.
Nikasafisha vyote. Nikabonyeza.
La ikasema la.

Basi hapo huulizi kwa ukali.
Unauliza kama unavyomuuliza mtoto anayelia: wapi?
Nikainua kijiti kilicho juu ya kibonyezo,
kibonyezo kikacheza chenyewe, chepesi, hakina hatia.
Nikaisukuma nyundo kwa ncha ya kidole.
Jirani yake wa kulia aliruka akarudi.
Wa kushoto aliruka akarudi.
Yeye alikwenda,
akarudi kama mtu anayerudisha deni.

Ni pini tu. Pini ya shaba, nene kama sindano ya kushonea magunia,
imekaa ndani ya kitundu chenye sufu nyekundu,
na sufu imevimba kwa ukungu,
na ndani ya sufu ukungu umezaa ukungu,
ule mweupe wa kwenye mkate.
Chuma hakijavunjika. Mti haujapinda.
Kilichoshikwa kimeshikwa na kitu laini.

Matone mawili ya spiriti, moja la maji.
Pasi ya mkaa ya mke wa mhazini, karibu, si kugusa.
Tukasubiri. Stambuli akachonga penseli,
unga wake mweusi nikaupaka kwa njiti ya kiberiti.
Nyundo ikabembea mara tano, ikatulia.
"Jini ametoka?" Nikamwambia amekauka.

Jioni kwaya ikaja.
Kuna wimbo wao una neno rehema,
na la inaangukia katikati yake, pale pa he.
Mwalimu akapiga. La ikalia, safi, peke yake,
kama mgeni aliyefika msibani akicheka,
kwa sababu wao waliimba re,
wakanyamaza,
wakaimba ma.

"Tena," akasema Mwalimu.
Re. Kimya. Ma.
Miaka kumi na moja waliufuata ule mwanya,
watoto waliozaliwa humo wanauvutia pumzi,
wanadhani ndivyo rehema inavyotamkwa.
Binti mmoja wa sauti ya pili akanyosha mkono:
"Mwalimu, hicho kinacholia ni nini?"

Rasmina hakujibu.
Alikibonyeza mara kumi, labda zaidi,
kidole kimoja, bila wimbo,
kinashuka, kinarudi, kinashuka, kinarudi,
na mimi nikajifanya ninatafuta bisibisi.

Nimelipwa elfu kumi na tano na kilo ya korosho.
Kitundu hicho nimekitibu, ukungu sijautibu.
Na kule juu kabisa kuna kibonyezo kinalia mara mbili
ukikigusa mara moja. Hicho hakuna aliyekilalamikia.
Nitakitazama kesho, kabla ya basi.