Jino la Bibi Oyniso

Jumanne, chai yangu ya kijani haijapoa,
Bibi Oyniso akafungua leso mezani pangu, hapa Khujand:
jino.
Limemtoka akitafuna mkate wa juzi.
"Lipime, sonara. Lina historia hilo."
Mimi nina mizani, historia sipimi.
Gramu mbili na robo.

Nikalisugua kwenye jiwe jeusi, likaacha mstari.
Nikadondosha tindikali.
Shaba ingetoa povu la kijani, ingekiri yote.
Mstari ule ukakaa kimya
kama shahidi asiyenunulika.

Akanisimulia bila kuulizwa:
mwaka wa vita, kule Kulob,
wenye bunduki walipopita wakivua watu pete,
na vidole pia, pete zilipogoma,
mumewe Saidmurod akaipeleka yake usiku
kwa fundi wa meno aliyefanyia kazi jikoni.
"Itie mdomoni mwa mke wangu.
Atakayeitaka, kwanza amchekeshe."
Miaka mitano hakuna aliyemchekesha.

Jino limetafuna pilau, limeonja machozi,
siki, komamanga, vidonge vya presha,
na halikuota kutu.
Chuma kingekwisha kuwa vumbi,
fedha ingekunja uso, ikaingia weusi.
Dhahabu haina kinyongo na mate.

Mwanagenzi wangu Firuz,
anayebandua vijichembe vya dhahabu kwenye simu mbovu,
akauliza, "Bibi, tukupe pesa?"
Akamtazama kama mtu atazamavyo mvua inayovuja kitandani.

"Pete," akasema. "Iwe pete tena."

Nikawasha moto. Kwenye nyuzi elfu moja na kidogo
jino likasahau ujino,
likawa tone, linatetemeka, la njano.
Nikaligonga. Halivunjiki hili, linatandaa tu;
ukiwa na subira utalivuta uzi
kutoka mlangoni hapa hadi ng'ambo ya mto.
Ndani yake mlikuwa na shaba kidogo, ya kulipa uti wa mgongo:
dhahabu tupu ni laini mno kwa ndoa.

Pete ya mwanamume. Nilidhani itampwaya.
Lakini baridi yabisi imemvimbisha viungo;
ikapanda, ikasita kwenye fundo,
ikapita.

Nilipomrudishia leso yake alikuwa anacheka,
pengo wazi,
wala hakuna aliyemchekesha.