Nge

Barua ilifika siku ishirini na moja kabla ya tarehe,
kama sheria inavyotaka. Si ishirini, si ishirini na mbili.
Bahasha ya kaunti, dirisha dogo la plastiki,
na dirishani jina lako, Orrin Tveit, limelala upande
kama mtu anayechungulia kuona kama kuna theluji.

Kuna theluji. Tunayo tangu Novemba.
Uliisoma huku unakoroga uji wa shayiri,
ukauliza tu: "Watanipa wakili yuleyule?"

Si yuleyule. Safari hii ni Bi Tadych,
amekupa dakika kumi na mbili za korido
kando ya mashine ya soda iliyokufa.

Orofa ya pili. Mabomba ya mvuke yanagonga ukutani.
Daktari Huebner yuko kwenye skrini,
sauti yake inaitangulia midomo.
Anasema mgonjwa analala. Anaoga.
Anawahi zamu ya alfajiri kiwandani, kwenye jibini.
Jokofu limeacha kumsemesha.
Miezi kumi na moja hajamtisha mtu,
hata yeye mwenyewe hajajitisha.

Nikadhani basi. Nikaanza kufunga vifungo vya koti.

Mwanasheria wa kaunti akasimama taratibu:
"Na kama matibabu yangeondolewa?"

Hapo ndipo alipoingia.
Nge.
Silabi moja katikati ya kitenzi,
mkia umekunjwa juu ya mgongo.
Angeacha vidonge. Angerudi alikokuwa.
Angekuwa hatari kwa nafsi yake.
Ningelijua, walisema wahenga, huja nyuma;
humu imetangulia, imekula kiapo,
imeketi kiti cha shahidi na kuomba maji.

Ukiugua, ni ushahidi.
Ukipona, iliyopona ni dawa,
wewe ni chupa tu.

Kisha nikaitwa mimi, dada.
Nikasimulia tena usiku ule, kwa sababu uliulizwa:
ulitoka na soksi, ukatembea juu ya ziwa lililoganda,
ukisema kuna mtu chini anakuhesabia hatua.
Nilikufuata na tochi. Barafu ilipiga mluzi mrefu
toka ufukwe huu hadi ule.
Sikuwaambia kwamba nami niliisikia ikihesabu.

"Je, angeweza kwenda tena?"

Nilikuwa na neno *sijui* mdomoni, zima, safi.
Fomu yao haina kisanduku cha *sijui*.
Nikasema, "Angeweza."
Ulikuwa ukiangalia viatu vyangu.

Jaji alisema ushahidi u wazi na unashawishi.
Alisema pia kwamba anafurahi kukuona una afya,
na nadhani alimaanisha.
Miezi kumi na miwili.
Kalamu yake ikakauka katikati ya saini;
karani akampa nyingine, ya bluu,
hivyo nusu ya mwaka wako ni nyeusi.

Nje, ulikwangua barafu kwenye kioo cha gari langu
kwa kadi ya maktaba, pole pole, hadi pembeni kabisa.
"Alhamisi ni sindano," ulisema. "Bega la kushoto."
Sikujibu. Ukaingia, ukafunga mkanda.
"Ungesema nini kingine?"

Sikujua kama ulikuwa unanisamehe
au unauliza.
Kipasha joto kilichelewa kuwaka.

Usiku nikaikuta kalenda ya duka la mbegu jikoni.
Januari ijayo haimo, inakoma Desemba,
kwa hiyo umeichora mwenyewe kwa penseli
ukutani, chini ya msumari, kwa rula,
ukahesabu kurudi nyuma siku ishirini na moja,
ukaingia tena ndani ya Desemba iliyochapishwa,
ukazungushia duara siku moja, Jumanne,
na ndani yake, kwa herufi zako ndogo za kiwandani,
*barua*.