Kijino

Mashine huwashwa saa tano usiku,
mlango wa chuma ukiwa umeshushwa hadi usawa wa vifundo vya miguu.
Nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa, Sobhan Mia anatafuna tambuu.
Akikohoa mara mbili, polisi wanapita.
Akikohoa mara moja, amepaliwa tu.

Sheria ilikwisha kupita, mifuko hii ni haramu Dhaka nzima.
Ndiyo maana tunaitengeneza gizani kama wezi,
ilhali hatuibi kitu
ila usingizi wetu wenyewe.

Punje nyeupe humiminwa, ungedhani mchele.
Juma langu la kwanza nilitia moja mdomoni.
Haikuwa na ladha,
na kule kutokuwa na ladha kulinikaa ulimini siku mbili.
Zikiyeyuka, upepo hupulizwa ndani yake,
puto refu likapanda hadi darini,
jembamba, lang'aa, latetemeka
kama kitu kilichozaliwa sasa hivi.
Ni zuri. Sitadanganya.

Kisha kisu.
Kisu cha mume wangu Moklesur kina pengo kushoto,
dogo mfano wa ufuta,
hivyo kila mfuko hutoka na kijino kwenye shikio.
Tajiri anasema kisu kipya ni ghali,
na nani atatazama?

Mimi natazama. Mimi ndiye mhesabuji.
Mia, funga. Mia, funga.
Nailoni imenilamba ncha za vidole zikawa laini kama yai,
hata kule kwenye vitambulisho kioo chao kilinikataa mara tatu.
"Mama," karani akaniuliza, "huna vidole?"
Ninavyo, baba.
Viko sokoni, vimebeba samaki.

Tohura wetu, miaka tisa, hulala ameketi,
kifua chake kikipiga filimbi chumba cha juu ya mashine.
Shuleni wameambiwa mfuko huishi mamia ya miaka.
Akarudi na swali:
"Basi siku yake ya kuzaliwa, nani huikumbuka?"
Nikaendelea kumenya kitunguu.

Mvua ya mwezi wa Ashari ilikuja bila kubisha.
Siku ya pili uchochoro ukajaa,
maji meusi yakapanda ngazi moja, ya pili,
yakaingia kwa Kohinur wa chini na kubeba viatu vya wanawe.
Tukainua kitanda chake juu ya matofali.
Kohinur, sketi ya sari mkononi, akapaza sauti kwa mtaa mzima:
"Nani hutengeneza uchafu huu? Nani?"
Wanaume wakatazama mawingu.

Moklesur akavua shati.
Akalala kifudifudi pembeni mwa mtaro, akazamisha mkono hadi kwapani,
akavuta.
Matumbo ya samaki. Kitana. Mfuko.
Mfuko ndani ya mfuko, umefumbata mfuko,
kamba nzito isiyo na mwisho, kama utumbo wa mnyama asiyejulikana.
Mmoja akausuuza kwenye mvua,
akaupapasa shikio la kushoto,
akanipa bila neno.

Sikuhitaji macho.

Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema,
lakini hawakusema kwamba janga litarudi limekunjwa,
lina alama ya mkono wako,
na kwamba hutamwambia jirani.

Akavuta, nikapokea, nikaweka.
Maji yakaanza kuteremka, yakikoroma kooni mwa mtaro,
watoto wakashangilia, Kohinur akambariki Moklesur
yeye na uzao wake.
Ndipo nikajishtukia:
midomo yangu inacheza,
tisini na nane, tisini na tisa,
na mkono wangu, wenyewe, bila kuagizwa,
unapapasa sakafu yenye tope
ukitafuta uzi wa kufungia.

Kodi ni tarehe tano.
Saa tano kasoro robo, mvua ingali inanyesha,
Sobhan Mia ameipindua ndoo yake.