Tofali la Mbwa

Darasa la Tano, tumefika.
Mvua ya Tukuyu imetutangulia, kama kawaida yake,
imeingia langoni bila kulipa kiingilio.
Sweta arobaini na tatu za kijani zanuka moshi wa jikoni.
Ipyana ana parachichi mfukoni, limeshapasuka.
Nami nina karatasi ya somo, na mstari wa kwanza wasema:
misheni hii ilijengwa na mmisionari Mjerumani
aliyepanda milima kwa miguu, na Biblia, na msumeno.

"Peke yake?" anauliza Subilaga.

Nimefundisha miaka kumi na minane.
Swali hilo halimo kwenye mtaala.

Ingieni, msisukumane. Shikeni ukuta, ni mnene,
na madirisha ni membamba, ya watu walioogopa kitu,
au walioogopwa. Sijui.
Hapa ndipo herufi zilipokaa ubaoni mara ya kwanza
kama siafu waliofunzwa kupanga foleni.
Hapa palikuwa na dawa ya vidonda, na koleo:
bibi wa bibi yake Gwamaka aling'olewa jino kwenye kona hii,
akaondoka amevimba shavu, akarudi kesho yake kusoma.
Na hapa, kwenye ngazi hii, ngoma ziliachwa
kama viatu vya matope: usiingie navyo.
Mke wa pili alibaki nje, mtoto mgongoni,
akisikiliza habari za upendo dirishani.
Andikeni yote mawili.
Msifute moja ili jingine lipate nafasi.

Ile juu ni kengele. Ilikuja kwa meli, kisha kwa mabega.
Kengele imechongwa jina, na mwaka, na mji wa Ulaya.
Mabega hayakuchongwa kitu.
Kabla yake saa zilikuwa za ng'ombe:
kukamua, kuchunga, kurudisha.
Ilipolia, mtu akaweza kuchelewa.

"Kwa hiyo viboko vya asubuhi vilitoka hapa?"
Nani huyo? Nyamaza, Gwamaka.
(Lakini ndiyo, mwanangu. Kwa kiasi fulani, ndiyo.)

Kisha Anyosisye ainama kufunga kamba ya kiatu
na kupiga kelele: "Mwalimu! Mbwa!"

Sakafuni, karibu na mimbari,
tofali moja lina nyayo nne za mbwa, zimezama vizuri,
na la pili yake lina vidole vitano vya mguu,
vidogo, vimekanyaga kwa nguvu upande wa mbele.
Mtoto alikuwa anakimbia.
Matofali yalikuwa mabichi, yameanikwa juani,
mbwa akapita, mtoto akamfukuza,
na mtu fulani, kwa uchovu au kwa kicheko,
akayatia tanuruni hivyo hivyo.

Darasa zima limepiga magoti, misa isiyo na padri.
"Alichapwa?" "Mbwa aliitwa nani?"
"Alilipwa? Au alilipwa chumvi?"
Subilaga avua kiatu, avua na soksi yenye tundu,
apima mguu wake kwenye mguu ule.
Umeingia. Kidole gumba tu ndicho kimezidi.
Hasemi neno.
Nje mvua yazidi kupiga mabati, nami natafuta leso.

Wiki ya pili, mtihani.
Swali la saba: *Nani alijenga misheni tuliyoitembelea?*
Jibu ninalotakiwa kulipa alama ninalijua,
lipo kwenye mwongozo, ukurasa umepigwa muhuri.
Arobaini na wawili wameliandika kwa mwandiko safi.
Mmoja, kwa penseli iliyotafunwa, ameandika:

*Mtoto aliyekuwa anafukuza mbwa, na wenzake.*

Kalamu nyekundu imekaa hewani
mpaka chai imepoa, mpaka taa imeombwa mafuta.
Nimeweka tiki.
Kisha pembeni, kwa herufi ndogo,
nikaandika kama mwalimu anavyopaswa:
*Wataje.*