Shubiri Tatu na Nusu

Nilitoka zamu ya usiku Bombo saa moja na nusu,
miguu imevimba, viatu mkononi,
nikapitia Barabara ya Kumi na Mbili
kwa sababu Hozza aliniagiza:
"Bosi, kalitazame hilo toleo jipya kabla hawajalifuta vumbi la safari,
kabla muuzaji hajalipaka maneno."

Ilisimama nje ya duka, nailoni bado kwenye kiti,
nyekundu ya pilipili iliyokaukia juani,
na wenye vyombo wa kijiwe cha Makorora wameizunguka
kama wanunuzi wa mbuzi mnadani,
kila mmoja na kasoro yake tayari mdomoni.

Mchumi hakusema. Alipima kiti kwa shubiri:
moja, mbili, tatu. Na nusu.
"Ya zamani nne kamili," akainua kiganja tukione.
"Hiyo nusu ndiyo mtoto wa shule.
Hiyo nusu ndiyo gunia la mihogo kutoka Pongwe.
Hiyo nusu, jamani, ndiyo kodi yangu ya chumba."

Shemboza aligonga tangi kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio kama anayechagua nazi.
"Bati jepesi. Hili likianguka halibonyei, linakunjika."
Mdogo wake hakumsikia; kashaona tundu la kuchajia simu
na kioo kinachoandika gia kwa tarakimu.
"Kaka, inakuambia uko gia ya ngapi!"
"Na wewe miaka sita yote ulikuwa hujui?"

Muuzaji akaleta habari ya mafuta:
lita moja, Tanga mpaka Muheza na kurudi.
Na abiria? Peke yako. Na mlima? Taratibu.
Na upepo?
Akacheka, akahesabu funguo zake.

Hakuna aliyegusa breki.
Mimi niligusa.
Miaka kumi na mmoja niko wodi ya mifupa,
pikipiki nazijua kwa upande wake wa pili:
bomba la moshi linavyoandika kigimbi,
usukani unavyosaini mbavuni,
Ijumaa, baada ya mvua, saa za kwenda nyumbani.
Nikabana mkono wa kulia. Diski ikauma,
gurudumu la mbele likasema hapana.
Ile ya zamani ilikuwa ikisema: ngoja kidogo.

Nikapanda. Na sare yangu, na kitambulisho kifuani.
Miguu yote miwili ikafika chini.
Kijiwe kizima kimya; kisha Mchumi:
"Kumbe kiti kimefupishwa bosi aendeshe mwenyewe!"
Wakacheka mpaka muuza chapati akageuka.
Nami nikacheka,
ingawa vidole havikuachia breki.

Usiku nikarudi zamuni. Hozza, kitanda cha tisa,
mguu wa kulia unavutwa na uzito wa kilo tano, mwezi wa pili sasa.
Chombo chetu kiko polisi Chumbageni, kimeegemea ukuta, hakina uso.
Elfu nane kwa siku, Jumapili hailipiwi;
ilibaki miezi minne kiwe chake.

Hakuuliza bei.
Aliuliza rangi, nikamwambia.
Taa? Nyeupe, kali kama ya chumba cha upasuaji.
Kiti? Shubiri tatu na nusu.
Akafumba macho, akawapakia abiria wake wote,
akamwacha mmoja Pongwe.
Breki hakuuliza. Nilimwambia mwenyewe. Nikarudia.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mgonjwa mwenzake:
"Kiki je? Wameiweka upande gani?"
"Hawakuweka. Kitufe tu."

Aliutazama mguu wake,
huo ambao daktari kasema utatembea
ila usikanyage kitu kwa nguvu tena.
Aliutazama mpaka nikamaliza kuandika joto la kitanda cha kumi.
"Basi mlete huyo kilema mwenzangu," akasema.
"Tutaelewana."