Vinginevyo

Kaupo alituita ofisini Jumatatu,
wafagia dohani watatu wa kisiwa kizima cha Saaremaa,
akatugawia vishikwambi kama peremende,
kimoja kimoja, na chaja, na saini hapa.
"Daftari sasa basi," akasema.

Langu lilikuwa la baba, Endel,
jalada limelainika kama sikio la ng'ombe,
kila ukurasa una dole gumba lake kwa masizi.
Usiku tatu nililihamisha,
nyumba mia nne na sita,
nikisoma kwa sauti huku mume wangu anakoroma:

*Vaike. Gonga dirisha, si mlango. Sikio la kushoto limekufa.*
*Nyumba ya buluu: ngazi ya ndani imeoza, kidato cha tatu na cha saba.*
*Aadu halipi. Hutoa viazi. Usibishane.*
*Mbwa ni mpole. Wa kuogopwa ni bata bukini.*

Kishikwambi kina visanduku tisa.
Jina, mtaa, urefu wa dohani, tarehe,
nyufa: ndiyo, hapana,
malipo: taslimu, kadi.
Viazi havina pa kukaa.
Chini kabisa kipo cha kumi, chembamba kama ufa:
Vinginevyo. Herufi mia moja na sitini.
Baba yangu mzima nikamkunja humo.

Siku ya kwanza, juu ya paa la Vaike,
upepo wa Februari unanyoa,
kidude kinaniuliza: Kazi imekamilika?
Naweka kidole. Kimya.
Nakipangusa kwenye suruali, naweka tena. Kimya.
Kidole chenye masizi hakina mwenyewe;
kioo hakinijui.
Nikainama, nikabonyeza kwa pua.
Ndiyo.
Tangu hapo wateja husema Urve anakibusu chombo chake.

Sikilaumu, lakini.
Ni chenyewe kilichoniamsha asubuhi moja
kwa nyumba ya Heldur, mwalimu mstaafu:
miaka miwili bila ufagio.
Nikakuta lami imeganda ndani, nene kama mkate mweusi.
Cheche moja tu, na paa zima lingeondoka.
Daftari lisingenikumbusha;
ukurasa ule ulikuwa umegandana na mwenzake kwa supu.
Hili nalisema polepole, baba asisikie.

Mwisho wa mwezi Kaupo akapiga simu:
"Mfumo unasema vinginevyo ni kilo arobaini za viazi
na soksi jozi mbili. Niiweke wapi hesabu hii?"
Nikampelekea mfuko mmoja.
Hakuuliza tena.

Mei, nyumba ya Aadu.
Mwenyewe kahamia bara, kwa bintiye.
Wapo vijana wawili kutoka Tallinn,
na ukutani mashine nyeupe inavuma,
inapuliza joto bila moto.
"Jiko tumeliacha kwa uzuri tu," anasema msichana.
"Samahani, hatukujua tumwambie nani."
Kisha, kwa haya, akaomba kugusa kifungo cha koti langu,
maana kwetu mfagia dohani akiguswa huacha bahati.
Akagusa. Akakitazama kidole chake cheusi
kama aliyetoka kuchukuliwa alama polisi,
akacheka, akakifutia ukutani bila kujua.

Kishikwambi: Futa mteja huyu?

Nikapanda juu hata hivyo, bure.
Ndani ya dohani baridi: vijiti, manyoya,
kipande cha kamba yangu mwenyewe ya mwaka juzi,
na makinda mawili ya kunguru
yakinitazama kama mimi ndiye niliyevamia.

Hapana, nikabonyeza, kwa pua.
Nikatemea kidole mate, nikakisugua kwa theluji ambayo haikuwapo,
mazoea, kisha kwenye moss ya vigae,
nikaandika:

*Dohani nzima. Haina moshi, ina wapangaji.*
*Usifagie. Rudi Agosti wakisharuka.*
*Viazi: hakuna.*